Mimi, Taaluma Yangu na Hospitali Yangu: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Utambulisho Kazini kwa Wahudumu wa Afya

Maswali haya yanawahusu wauguzi, madaktari, wakunga, wafamasia, wataalamu wa maabara, makarani, wahudumu wa usafi, na pia wakuu wa idara wanaoshangaa kwa nini watu wao wanaijali wodi kuliko hospitali. Hayakupangwa kwa uzito. Anzia panapokugusa.

Utambulisho wa mtu kazini ni nini? Si cheo chake tu?

Cheo huandikwa kwenye barua ya ajira. Utambulisho ni jibu ambalo mtu hujipa mwenyewe anapojiuliza yeye ni nani hapa na anapaswa kutenda vipi. Wauguzi wawili wanaweza kuwa na cheo kimoja na mshahara mmoja, lakini mmoja anajiona mtekelezaji wa maagizo na mwingine anajiona mlinzi wa mgonjwa. Saa nane usiku, dozi iliyoandikwa ikionekana kubwa kupita kiasi, wa kwanza atachoma sindano kama ilivyoandikwa. Wa pili atampigia daktari simu hata kama anajua atafokewa. Kwa hiyo naliona jambo hili kuwa la usalama wa mgonjwa kwanza, halafu ndipo liwe la furaha ya wafanyakazi.

Jibu hilo lina tabaka kadhaa. Kuna wewe kama mtu, pamoja na malezi yako, jinsia yako, imani yako na tabia zako. Kuna taaluma yako. Kuna kundi unalofanya nalo kazi kila siku. Na kuna taasisi iliyokuajiri. Tabaka hizi hazisemi jambo moja kila wakati, na sehemu kubwa ya maswali yaliyomo hapa inatokana na kutofautiana huko.

Na hospitali nayo ina utambulisho? Au ni nembo na rangi za ukuta?

Inao. Mwaka 1985 watafiti Stuart Albert na David Whetten walipendekeza kwamba utambulisho wa taasisi ni yale mambo ambayo watu wake wanayaona kuwa kiini chake, yanayoitofautisha na nyingine, na yanayodumu. Miaka kumi na mitano baadaye, Dennis Gioia na wenzake walilitilia shaka lile la kudumu: walisema kinachodumu mara nyingi ni jina, huku maana yake ikibadilika taratibu bila watu kutambua. Hospitali inaweza kujiita ya rufaa kwa miongo mingi, lakini ukichunguza unakuta robo tatu ya kazi yake ya siku ni magonjwa ambayo zahanati ingeyamaliza.

Hospitali nyingi zina utambulisho zaidi ya mmoja ndani ya geti moja. Hospitali ya kufundishia ni shule, ni mahali pa tiba na ni mahali pa utafiti. Hospitali iliyoanzishwa na shirika la dini ni huduma ya huruma, lakini pia ina ankara za kulipa. Migogoro ya bajeti hapo huonekana ya fedha, kumbe watu wanagombea jibu la swali moja: sisi ni nani kwanza?

Mfano ninaopenda kuutaja ni wa Mayo Clinic ya Rochester, Minnesota. Mwaka 1910 William Mayo aliwaambia wahitimu wa udaktari kwamba maslahi ya mgonjwa ndiyo pekee yanayopaswa kuzingatiwa. Maneno kama hayo yamo katika kila hotuba ya mahafali. Kilichoyapa uhai pale ni uamuzi wa kuwalipa madaktari mshahara badala ya kuwalipa kwa idadi ya vipimo na upasuaji wanaofanya. Daktari hapati chochote cha ziada kwa kumng'ang'ania mgonjwa ambaye mwenzake angemtibu vizuri zaidi. Utambulisho wa taasisi uutafute kwenye orodha ya malipo kabla ya kuutafuta kwenye tovuti.

Ni upi wenye nguvu zaidi: taaluma, wodi au hospitali?

Kwa wahudumu walio wengi, taaluma na wodi hutangulia. Hospitali hufuata kwa mbali.

Sababu si ngumu. Taaluma umeisomea kwa miaka, umeapa, umesajiliwa na baraza, na leseni utahama nayo ukibadilisha mwajiri. Mtaalamu wa uendeshaji wa taasisi Henry Mintzberg aliwahi kueleza, mwaka 1979, kwamba katika taasisi za namna hii viwango vya kazi hutoka nje ya taasisi yenyewe: vyuoni na kwenye vyama vya kitaaluma. Mkurugenzi hawezi kumwagiza daktari wa upasuaji namna ya kushona mshipa. Wodi nayo ndipo walipo watu waliokushika mkono siku mgonjwa wako wa kwanza alipofariki. Hospitali kwa ujumla wake ni kitu ambacho mfanyakazi hukutana nacho kwenye waraka, kwenye hati ya mshahara na kwenye mkutano wa wafanyakazi wote.

Wakuu wengi wa hospitali hukasirishwa na jambo hili na kuanza kushindana na taaluma. Huwaambia watu wawe "wa hospitali kwanza". Nadhani ni vita visivyo na ushindi. Hospitali inayopata mapenzi ya watu wake ni ile inayowafanya waseme: hapa ndipo ninapoweza kuwa mkunga mzuri. Gloves zipo, mpangilio wa zamu unaeleweka, oksijeni haikatiki, na mkunga akisema mama huyu apelekwe chumba cha upasuaji sasa hivi, anasikilizwa. Mtu huyo ataipenda hospitali kwa kupitia taaluma yake. Wapo wachache sana wanaoanza na hospitali ndipo waje kwenye kazi yao.

Inachukua muda gani mtu kujiona daktari au muuguzi kwelikweli?

Zaidi ya muda wa masomo, na njia yenyewe haiendi moja kwa moja. Utafiti wa Michael Pratt, Kevin Rockmann na Jeffrey Kaufmann uliochapishwa mwaka 2006 uliwafuatilia kwa miaka kadhaa madaktari waliokuwa wakisomea ubingwa wa upasuaji, wa radiolojia na wa huduma za msingi. Waligundua kwamba mtu huanza kujitengeneza upya pale kazi anayoifanya isipofanana na mtu anayejidhania kuwa.

Wale wa upasuaji waliingia wakijiona watu wa kisu, kisha wakajikuta siku nzima wanajaza fomu na kufuatilia majibu ya vipimo. Pengo hilo waliliziba kwa kujiona kuwa daktari kamili, anayemhudumia mgonjwa kabla na baada ya upasuaji pia. Wale wa radiolojia walikuwa na shida nyingine: walikuwa bado hawajajua mambo mengi ya fani yao, wakakaa gizani wakisoma picha bila kuona wagonjwa. Hao waliazima kwa muda utambulisho wao wa zamani wa udaktari wa kawaida, mpaka ujuzi mpya ulipokomaa wakauacha. Wa huduma za msingi wao hawakuhitaji kubadilika sana. Uelewa wao wa kazi uliongezeka kina tu.

Funzo kwa anayesimamia wanafunzi na madaktari wapya: kazi unazowapa ndizo zinazowaambia wao ni nani. Ukimtumia mkunga mwanafunzi kama tarishi kwa miezi sita, usishangae akihitimu akiwa na fikra za tarishi.

Nina leseni, nina uzoefu, lakini bado najiona kama nimeingia kwa bahati na siku moja nitaumbuliwa. Nina tatizo?

Hisia hiyo ina historia. Wanasaikolojia Pauline Clance na Suzanne Imes waliieleza mwaka 1978, wakianzia na wanawake waliofanikiwa sana kielimu na kikazi. Haimaanishi huna uwezo. Zungumza na mtu aliyekutangulia kazini, na umwombe akuambie kwa uwazi unachofanya vizuri na unachopaswa kuongeza. Sifa za jumla jumla hazisaidii hapa. Maoni mahususi ndiyo husaidia.

Kwa nini madaktari na wauguzi huvutana hata wanapotaka mgonjwa yuleyule apone?

Kuna sehemu ya kibinadamu na sehemu ya kihistoria.

Ya kibinadamu ni hii: mwanasaikolojia Henri Tajfel alionyesha mwanzoni mwa miaka ya 1970 kwamba ukiwagawa watu makundi mawili kwa sababu isiyo na maana yoyote, huanza kulipendelea kundi lao hata kama hawawajui wenzao. Mwaka 1979 yeye na John Turner wakaikuza hoja hiyo kuwa nadharia ya utambulisho wa kijamii. Sasa fikiria makundi ambayo mgawanyo wake una maana kubwa: elimu tofauti, mishahara tofauti, sare tofauti, hata chumba tofauti cha kunywea chai.

Ya kihistoria ni ya madaraka na jinsia. Mwaka 1967 daktari wa magonjwa ya akili Leonard Stein aliandika kuhusu kile alichokiita mchezo kati ya daktari na muuguzi. Muuguzi anajua mgonjwa anahitaji nini, lakini lazima apendekeze bila kuonekana anapendekeza. Daktari anahitaji ushauri, lakini lazima auombe bila kuonekana anauomba. Wote wawili wakicheza vizuri mgonjwa anapata dawa na heshima ya daktari inabaki. Mwaka 1990 Stein na wenzake walirudi kwenye mada hiyo na kueleza kwamba wauguzi walikuwa wameanza kuuacha mchezo. Mabadiliko hayo hayajafika kila mahali kwa kiwango kimoja. Ukimsikia muuguzi mzoefu akisema, "Dokta, sijui unaonaje, huyu mgonjwa anapumua kama haraka kidogo," ujue mchezo bado unachezwa. Kilichopaswa kusemwa ni: "Anapumua mara 34 kwa dakika, njoo sasa."

Takwimu za Shirika la Afya Duniani za mwaka 2019 zilionyesha wanawake kuwa takriban asilimia 70 ya wafanyakazi wa afya na ustawi wa jamii duniani, lakini wakishika robo tu ya nafasi za juu za uongozi. Huwezi kuuzungumzia mvutano wa taaluma hizi ukaliacha hilo nje.

Dawa yake haipatikani kwa kufuta taaluma na kuwaita wote "wahudumu". Mtu akihisi taaluma yake inamezwa, huishikilia kwa nguvu zaidi. Kinachosaidia ni lengo la pamoja ambalo kila taaluma inaonekana ndani yake, na mazoea ya kufanya kazi pamoja kwa hadhi sawa: raundi ya wodi ambayo muuguzi anazungumza kwanza, kikao cha vifo vya uzazi ambacho mkunga ana kauli, mafunzo ya dharura yanayofanywa na timu nzima.

Kujitambulisha kwa jina kunasaidia nini? Sisi tunaitana "sista" na "dokta" na kazi inaenda.

Inaenda mpaka dharura itokee. Orodha ya ukaguzi ya upasuaji salama ambayo Shirika la Afya Duniani liliitoa mwaka 2008 ina vipengele 19, na kimojawapo kinataka, kabla ngozi haijakatwa, kila aliyemo chumbani awe amejitambulisha kwa jina na kwa kazi yake. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009, uliofanyika katika hospitali nane za miji minane duniani, ulionyesha vifo baada ya upasuaji vikishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8 orodha hiyo ilipoanza kutumika. Haiwezekani kusema ni kipengele kipi kilichofanya kazi hiyo. Lakini mtu aliyekwishatamka jina lake chumbani ana wepesi zaidi wa kusema "simameni, hii si figo yenyewe" kuliko aliyeingia kimya na kubaki kimya. Ukihitaji damu haraka, ni bora pia umwite mtu mmoja kwa jina kuliko kupaza sauti kwa chumba kizima.

Kwa upande wa mgonjwa, daktari Mwingereza Kate Granger, akiwa mwenyewe mgonjwa wa saratani mwaka 2013, aliona kwamba wahudumu wengi waliomjia kitandani hawakujitambulisha. Akaanzisha kampeni ya kuwahimiza wahudumu waseme majina yao, ikaenea nje ya Uingereza. Alifariki mwaka 2016.

Heshima ya cheo haipungui. "Dokta" inaweza kubaki mbele ya jina. Tatizo ni cheo kinapobaki peke yake.

Vipi wahudumu wa usafi, walinzi, makarani wa mapokezi, wapishi? Nao wana utambulisho wa afya?

Swali lenyewe linaonyesha tulivyozoea kuwasahau. Watafiti Amy Wrzesniewski na Jane Dutton, katika kazi yao ya mwaka 2001, walitumia mfano wa wahudumu wa usafi wa hospitali. Wapo walioiona kazi yao kuwa kufagia na kupiga deki, wakafanya hayo tu. Wapo walioiona kuwa sehemu ya uponyaji: walipanga muda wa kusafisha usiwasumbue wagonjwa, waliongea na wapweke, waliwaelekeza ndugu waliopotea njia. Wote walikuwa na maelezo ya kazi yanayofanana.

Kwa vitendo, mhudumu wa usafi wa wodi ya wachanga ni mstari wa mbele wa kuzuia maambukizi. Anapaswa kuwa kwenye kikao cha maambukizi, akiwa na kiti kama wengine. Hospitali zinapowakabidhi wahudumu hao kwa kampuni ya nje, mara nyingi hupoteza jambo ambalo halimo kwenye mkataba: mtu aliyekuwa akisema "wodi yetu" anaanza kusema "kwao". Huenda bei ilipungua. Lakini hesabu hiyo ifanywe na gharama hii ikiwemo.

Ukutani kumeandikwa "Mgonjwa Kwanza", lakini ndani mambo hayako hivyo. Inaumiza kiasi gani?

Zaidi ya kutokuwa na kaulimbiu kabisa. Mfanyakazi anayepita chini ya maneno hayo kila asubuhi, kisha akaambiwa amwondoe mgonjwa ambaye hajapona kwa sababu ya fedha au ya kitanda, anajifunza kwamba maneno ya taasisi ni ya wageni. Siku ukija na mpango wa kweli, atausikiliza kwa sikio hilohilo.

Kisa cha Hospitali ya Stafford nchini Uingereza kinaonyesha jambo hili likifika mbali. Uchunguzi ulioongozwa na wakili Robert Francis, ulioangalia hasa kipindi cha 2005 hadi 2009, ulieleza wagonjwa walioachwa bila maji, bila kusafishwa na bila kusaidiwa kula. Ripoti yake ya Februari 2013 ilikuwa na mapendekezo 290. Katika miaka hiyo uongozi ulikuwa umekazana kutimiza malengo ya kitaifa, kusawazisha hesabu na kupata hadhi ya taasisi yenye mamlaka zaidi ya kujiendesha. Taasisi ilikuwa na jibu wazi la inataka kuwa nani machoni pa wakaguzi. Jibu la ni nani mbele ya mgonjwa halikuwa na mwenyewe. Wapo wafanyakazi waliolalamika; wengine walizoea. Kuzoea huko ndiko kunapaswa kuogopwa kuliko ubaya wa mtu mmoja mmoja.

Basi kuipenda sana taasisi ni salama?

Hapana, si wakati wote. Anayejinasibisha sana na hospitali yake huona kosa la hospitali kama tusi kwake, na hulificha ili kulinda jina. Uchunguzi wa upasuaji wa moyo wa watoto katika hospitali ya Bristol Royal Infirmary nchini Uingereza, ambao ripoti yake iliyoongozwa na Ian Kennedy ilitoka mwaka 2001, ulizungumzia hali ya watu wachache wa ndani kuwa na madaraka makubwa na sauti za wengine kutosikika. Daktari wa usingizi Stephen Bolsin, aliyekuwa amekusanya takwimu za vifo vya watoto hao na kuonyesha wasiwasi, baadaye alihamia Australia kufanya kazi huko.

Uaminifu ninaouona wa maana ni wa yule anayesema ndani, mapema, kwa sababu anapapenda mahali. Taasisi ikimwita msaliti, imechagua watu wa aina gani wabaki.

Jambo moja la kukumbuka kwa wanaosoma takwimu: mtafiti Amy Edmondson, katika utafiti wa makosa ya dawa uliotoka mwaka 1996, alikuta wodi zenye ushirikiano mzuri zikiripoti makosa mengi zaidi. Maelezo yaliyoonekana kufaa ni kwamba watu wake hawakuogopa kuyataja. Wodi isiyo na kosa hata moja kwenye daftari isipewe cheti haraka.

Najua kinachomfaa mgonjwa lakini sheria za kazi au uhaba vinanizuia kukifanya. Hali hii inaitwaje?

Andrew Jameton, mwanafalsafa wa maadili, aliieleza mwaka 1984 akizungumzia wauguzi: ni maumivu ya dhamira. Hutokea unapojua lililo sahihi na mfumo ukakuzuia kulitenda. Haya hayafanani na kutojua la kufanya, na hayatibiwi kwa semina ya kupumua kwa kina.

Yanahusiana na utambulisho moja kwa moja. Muuguzi aliyejijenga kuwa mlinzi wa mgonjwa, akiwa peke yake na wagonjwa arobaini, hashindwi kazi tu. Anashindwa kuwa yeye. Wengine hujikinga kwa kupunguza kujali. Wengine huhama. Wengine hubaki na kuandika, kudai, kuripoti, wakichoka polepole. Ukiwa kiongozi usiye na uwezo wa kuongeza watumishi leo, angalau sema wazi kwamba uhaba ni wa mfumo. Ukimwacha muuguzi aamini kuwa ni udhaifu wake, unamvunja mara mbili.

Na uchovu mkubwa wa kazi? Je, wanaojitoa sana ndio huungua zaidi?

Kujitoa peke yake si ugonjwa. Hatari huongezeka pale kazi inapokuwa utambulisho pekee alionao mtu, huku mazingira yakimnyima nafasi ya kuifanya vizuri. Katika toleo la 11 la uainishaji wa magonjwa, lililopitishwa mwaka 2019, Shirika la Afya Duniani liliuweka uchovu huu kuwa hali inayotokana na kazi, halikuuita ugonjwa. Una sura tatu: kuishiwa nguvu, kujitenga na kazi kwa kejeli au kutojali, na kujiona hufanyi chochote cha maana.

Tamko la Geneva, kiapo cha madaktari cha tangu 1948, liliongezewa mwaka 2017 ahadi ya daktari kutunza afya na ustawi wake mwenyewe. Ilichukua karibu miaka sabini. Wakati wa janga la UVIKO-19 wahudumu walipigiwa makofi na kuitwa mashujaa, jambo zuri, lakini shujaa hategemewi kulalamika wala kuomba likizo. Wengi wangebadilisha makofi yale kwa barakoa za kutosha.

Nilifanya kosa, mgonjwa akadhurika. Tangu hapo sijioni tena kuwa daktari. Nifanyeje?

Kwanza: wewe si wa kwanza, na hali hiyo inajulikana. Daktari Albert Wu aliandika mwaka 2000 kuhusu mhudumu kuwa mwathirika wa pili baada ya mgonjwa na familia yake. Dalili ni kukosa usingizi, kurudia tukio kichwani, kuogopa wagonjwa wa aina ileile, na kujiuliza kama unastahili koti jeupe.

Mgonjwa na ndugu zake waelezwe ukweli kwa utaratibu wa hospitali yako. Toa taarifa kamili. Kisha usikae peke yako. Tafuta mwenzako wa taaluma, si lazima rafiki, anayeweza kupitia tukio nawe hatua kwa hatua na kutenganisha kilichokuwa chako na kilichokuwa cha mfumo: dawa mbili zenye chupa zinazofanana, zamu ya tatu mfululizo, maelezo yaliyokatwa wakati wa kukabidhiana zamu. Mazoea ya kusema "usijali, hutokea" yana nia njema lakini hayaponyi, maana wewe unajua halikuwa dogo. Ukipata mawazo ya kujidhuru, hiyo ni dharura kama dharura nyingine yoyote. Mwambie mtu leo na uonwe na mtaalamu.

Hospitali yetu inaunganishwa na nyingine. Kwa nini watu wanagombania jina na nembo badala ya huduma?

Kwa sababu jina linabeba hofu ya kumezwa. Miungano inayoonekana safi kwenye karatasi huyumba hapa. Mwaka 1996 huko Boston, hospitali za Beth Israel na New England Deaconess ziliungana. Zilikuwa na mila tofauti za kazi na za uongozi, na katika miaka iliyofuata taasisi hiyo mpya ilipata hasara kubwa na kupoteza wafanyakazi wengi kabla ya kusimama tena.

Watu huvumilia mabadiliko wakiona kuna kitu chao kinachoendelea. Upande mdogo ukiona wakuu wote wa idara wametoka upande mkubwa, fomu zote ni za upande mkubwa na hata zamu zinapangwa kwa utaratibu wa upande mkubwa, hautasikia neno "muungano". Utasikia kutekwa. Chukueni taratibu bora kutoka pande zote mbili na mseme waziwazi ipi ilitoka wapi.

Nimepandishwa kuwa meneja. Wenzangu wanasema nimewakimbia. Bado mimi ni muuguzi?

Ndiyo, na utaishi na mivutano miwili. Juu watakuona mtu wa wodini. Wodini watakuona mtu wa ofisi. Wanaofaulu nafasi hii hutumia lugha zote mbili: wanaeleza bajeti kwa mifano ya kitandani, na wanapeleka kilio cha wodi kwa tarakimu. Kubaki na saa chache za kazi ya kitabibu husaidia baadhi ya watu. Wengine huifanya ili kujionyesha tu, na wagonjwa hulipia, kwa hiyo jipime.

Nafanya kazi sehemu mbili. Nijinasibishe na ipi?

Na taaluma. Kisha kila mahali fuata taratibu za mahali hapo, hasa za dawa, kumbukumbu na dharura. Kubeba mazoea ya hospitali moja hadi nyingine bila kuuliza ni njia fupi ya kufanya kosa.

Dini yangu, lugha yangu, asili yangu: niviache getini?

Huwezi, na hakuna haja. Muuguzi anayezungumza lugha ya mgonjwa ni utajiri wa wodi. Mipaka ni miwili. Mgonjwa asilazimishwe kuubeba msimamo wako, na usafi wa kuzuia maambukizi unamhusu kila mtu: mikono, kucha, vito, mavazi. Penye mgongano wa vazi la imani na usafi, mara nyingi lipo suluhisho la kitambaa kinachobadilishwa au mikono inayokunjwa, likitafutwa kwa heshima na mapema, si mlangoni mwa chumba cha upasuaji.

Mgonjwa akikukataa kwa sababu ya asili yako, hilo si jambo la kulimeza peke yako. Mkuu wa zamu ndiye anayepaswa kuzungumza naye, na hospitali inapaswa kuwa na msimamo ulioandikwa kabla ya siku hiyo.

Mitandao ya kijamii je?

Ukivaa sare kwenye picha, umeongea kwa niaba ya taasisi na taaluma hata kama hukukusudia. Mgonjwa asionekane, hata kwa nyuma, hata mguu tu, hata ubao wa majina ya wodi.

Tunaweza kupima kama watu wetu wanajinasibisha na hospitali?

Kwa kiasi. Fred Mael na Blake Ashforth walichapisha mwaka 1992 dodoso la maswali sita linalotumika mpaka leo. Linauliza mambo kama haya: mtu akiikosoa taasisi yako, unajisikia umetukanwa wewe? Ukiizungumzia, unasema "sisi" au "wao"? Uliza pia kuhusu wodi na taaluma, la sivyo utapata tarakimu isiyokuambia kitu.

Msiwape watu fomu zenye majina. Katika idara ya watu sita, hata bila majina, umri na cheo vinatosha kumjua aliyejaza, kwa hiyo unganisheni idara ndogo kabla ya kutoa matokeo. Na kabla ya dodoso lolote, kaa kwenye makabidhiano ya zamu mara kadhaa bila kuandika chochote, uhesabu "sisi" na "wao" zinazotajwa, na uangalie "wao" ni akina nani: maabara, utawala, zamu ya usiku, au wagonjwa.